Maktaba Yako Ifike Muheza Bila Bando: Ushauri kwa Mfungashaji Mpya wa Programu Huria

Vijana wengi wa Tanga wanaojifunza kuandika programu wanajua kutengeneza maktaba ndogo ya Python au JavaScript na kuipandisha mtandaoni kwa amri moja. Wachache wanajua hatua inayofuata, ya kuifanya maktaba hiyo iwe sehemu ya mfumo endeshi wenyewe, ili mwalimu wa Pangani au karani wa zahanati ya Mkinga aisakinishe kama anavyosakinisha kitu kingine chochote, bila kujua lolote kuhusu Python. Hatua hiyo ndiyo ufungashaji. Ninaiandikia makala kwa sababu naamini ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya vizuri akiwa Ngamiani au Lushoto, kwa kompyuta ya kawaida, na faida yake inarudi kwanza kwa watu wa huku kwetu wenye mtandao wa kusuasua.

Nachukua Debian kuwa mfano wa makala yote. Ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, na mpaka leo inaendeshwa na watu wanaojitolea. Ubuntu, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoianzia Linux, huchota sehemu kubwa ya vifurushi vyake Debian, na Raspberry Pi OS imejengwa juu ya Debian hiyohiyo. Kwa hiyo ukiingiza kifurushi Debian mara moja, kitafika chenyewe kwenye kompyuta ambazo hutakaa uzione. Watu wa Fedora, Arch na openSUSE wana taratibu zao, ila mambo ya msingi hayatofautiani sana.

Utaniuliza, kwa nini mtu asumbuke wakati amri ya pip ipo? Fikiria maabara ya sekondari huko Muheza, kompyuta ishirini na modemu moja inayolipiwa kwa bando. Kila mashine ikipakua maktaba zake moja kwa moja kutoka PyPI, bando linakatika kabla kipindi hakijaisha. Wiki inayofuata mwanafunzi wa mashine ya tano ana toleo moja na wa mashine ya sita ana jingine, kwa kuwa mwenye maktaba alitoa toleo jipya katikati ya wiki. Mwalimu anakesha akitafuta kosa ambalo mwanafunzi hakulifanya. Vifurushi vya tawi imara la Debian, linaloitwa stable, havimfanyii mtu hivyo. Matoleo yaliyomo katika Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, ndiyo yatakayobaki humo. Yanazibwa matundu ya usalama na kurekebishwa makosa mazito tu, kwa miaka mitatu ya kawaida na mingine miwili ya uangalizi wa ziada. Zoezi aliloandaa mwalimu kwa kidato cha kwanza litafanya kazi vilevile wanafunzi hao wakiwa kidato cha nne.

Kuna pia faida ya usafiri. Sakinisha apt-cacher-ng kwenye mashine moja ya maabara. Mashine ya kwanza ikishapakua kifurushi, zile kumi na tisa zinakichukua humohumo ndani bila kugusa bando. Mahali pasipo na mtandao kabisa kuna apt-offline. Mashine iliyo kijijini inaandika kwenye flashi orodha ya vitu inavyovihitaji, flashi inapelekwa kwa basi mjini penye intaneti, inarudi na vifurushi, na uhakiki wa saini unafanyika kama kawaida kabla ya kusakinisha. Maktaba ambayo haijafungashwa haipandi basi hilo. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote za kufungasha, na inashangaza jinsi isivyotajwa katika miongozo iliyoandikwa na watu ambao mtandao wao haukatiki.

Hii haimaanishi kwamba pip ni mbaya. Unapoandika programu yako mwenyewe, tumia pip ndani ya venv, cheza utakavyo, futa, anza upya. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, pip yenyewe inakataa kuandika ndani ya Python ya mfumo, na wengi wamelalamika kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Mpaka huo ni mzuri. Unamlinda mtu anayetegemea kompyuta ileile kwa kazi ya ofisi asivunjiwe mfumo na majaribio ya mtu mwingine.

Ili ushauri usielee hewani, tuseme umeandika maktaba ya Python inayoitwa bamvua. Inapokea tarehe, inakokotoa umri wa mwezi, na kumwambia mtumiaji kama siku hiyo ni ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, au ya maji mafu, inapobadilika kidogo. Wavuvi wa pale Deep Sea jijini Tanga wanalijua jambo hili bila kompyuta, lakini programu ya simu ya ushirika wa wavuvi, au tovuti inayopanga safari za watalii kwenye fungu la mchanga, ingeweza kuihitaji. Maktaba hii ni ya kubuni. Mambo yatakayoikuta ni ya kweli.

Kabla ya kugusa faili yoyote, jiulize kama inastahili. Debian 13 ina vifurushi 69,830. Kila kimoja kinakula muda wa watu: kinajengwa upya kila lugha inapobadilika, kinakaguliwa usalama, kinapokea taarifa za kasoro. Debian 12 ilikuja na Python 3.11 na Debian 13 imekuja na Python 3.13. Kati ya hizo mbili Python iliondoa distutils, ikaondoa cgi, ikaondoa telnetlib, na kila kifurushi kilichotegemea vitu hivyo kilihitaji mtu wa kukaa chini na kukirekebisha. Kama mtu huyo hayupo, kifurushi huondolewa katika tawi la majaribio, na kinaweza kuondoka pamoja na vingine vinavyokitegemea. Kwa hiyo swali langu kwa mfungashaji mpya huwa hili: ni programu gani inayoihitaji maktaba hii, na wewe mwenyewe utakuwa unaitumia baada ya miaka mitatu? Kama jibu la yote mawili ni kigugumizi, iache PyPI, ikue kwanza.

Udogo nao una mashaka yake, hasa kwenye JavaScript, ambako mazoea ni kugawanya kila kitu vipandevipande. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la maktaba za JavaScript, maktaba yake ya left-pad, yenye mistari 11 tu ya kujazia nafasi kushoto kwa neno, na miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Ukikuta maktaba yako inategemea vipande vya mistari kumi kumi, ongea na mwenye vipande hivyo au andika mistari hiyo mwenyewe. Usifungashe kila kimoja peke yake, kwani kila kimoja kitataka uangalizi.

Ukiona inastahili, hakikisha hakuna aliyekutangulia. Tafuta kwa apt search, kisha angalia orodha ya kazi zilizotangazwa, iitwayo wnpp. Kama hakuna, tangaza nia yako hapo kwa reportbug. Tangazo hilo linaitwa ITP, na linazuia watu wawili kufanya kazi moja, mmoja Tanga na mwingine Toulouse.

Hapo ndipo unapofika kwenye leseni, na hapa nitakaa kidogo, maana kifurushi kipya kikikwama huwa ni hapa.

Msimbo usio na leseni ni mali ya aliyeuandika, kikamilifu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine yanayolindwa, na ulinzi huo unaanza kazi inapoandikwa, bila kusajili popote. Rafiki yako akikupa kazi yake ya chuo kwenye flashi na kusema itumie tu, hilo halitoshi kwa Debian wala kwa mtu yeyote atakayeipokea baada yako. Mwombe aweke faili ya leseni: MIT, BSD, Apache, GPL, yoyote inayokubalika kwa vigezo vya uhuru vya Debian vya mwaka 1997. Leseni inayosema kwa matumizi ya elimu tu, au si kwa biashara, haipiti. Vigezo hivyo vinakataza kubagua kazi, na mwenye duka la nyavu ana haki sawa na mhadhiri.

Halafu tazama data. Maktaba yetu ya bamvua ikikokotoa mwezi kwa hesabu tupu, haina shida. Lakini tuseme uliona hesabu za mwezi hazitoshi, ukanakili jedwali la kupwa na kujaa kutoka kitabu kilichochapishwa na mamlaka fulani ya bahari ili kupata saa kamili. Msimbo ni wako. Jedwali si lako. Hili liliwahi kuisumbua programu halisi ya maji kupwa na kujaa, XTide. Data za Marekani, ambazo serikali ya huko huziacha ziwe mali ya umma, ziliingia sehemu kuu ya Debian, na nyingine zikawekwa kando katika sehemu isiyo huria, kwenye kifurushi chake cha peke yake. Mtu wa Boston alipata saa zake za maji kwa uhuru kamili, na watu wa pwani nyingine wakategemea masharti ya wenye data. Ukikutana na jambo kama hili, andika barua rasmi kwa mwenye data uombe ruhusa ya maandishi inayomfaa kila mtu. Ukikataliwa, toa jedwali hilo ndani ya kifurushi kabla hujaendelea.

Yote haya huandikwa katika faili ya debian/copyright: faili gani ni ya nani, kwa leseni ipi. Ipitie faili moja moja. Mara nyingi ndani ya folda ya majaribio utakuta picha, fonti au jQuery iliyonakiliwa zamani ambayo hata mwenye maktaba ameisahau. Kifurushi kipya kinapofika Debian hukaa kwenye foleni inayoitwa NEW, na watu wachache wanaojitolea hukikagua kwa macho, hasa upande wa leseni. Wakikirudisha, wiki zako za kusubiri zimepotea. Saa mbili za kukagua nyumbani ni nafuu.

Kazi yenyewe ya kujenga kifurushi imekuwa rahisi kuliko zamani. Lugha nyingi zina chombo cha kukuandikia rasimu: dh-make-perl kwa Perl, gem2deb kwa Ruby, dh-make-golang kwa Go, debcargo kwa Rust, npm2deb kwa JavaScript, dh-r kwa R. Kwa Python kuna pypi2deb, na ujenzi wenyewe unaendeshwa na pybuild. Majina nayo yana desturi yake na usiivunje: maktaba yetu itasakinishwa kwa jina python3-bamvua, ya Perl ingekuwa libbamvua-perl, ya Ruby ruby-bamvua, ya JavaScript node-bamvua, ya R r-cran-bamvua. Mtu anayeijua desturi hii anaweza kubuni jina la kifurushi bila kutafuta popote.

Rasimu ya chombo ni mwanzo tu. Faili ninayoomba uipe moyo wako ni debian/control, panapoandikwa kifurushi ni nini, kinategemea nini, na kinamfaa nani. Robota la mkonge linapotoka Tanga hununuliwa na mtu wa mbali asiyelifungua, kwa kuwa daraja lake limeandikwa nje na kuna aliyelikagua. Maelezo ya control yanafanya kazi hiyo. Usinakili sifa za mwenye maktaba zinazodai ni nyepesi, ya kisasa na ya kasi ya ajabu. Sema inafanya nini: inakokotoa umri wa mwezi na kupambanua siku za bamvua na maji mafu. Namba ya toleo nayo ina maana. Katika 0.3.1-1, kilicho kabla ya kistari ni cha mwenye maktaba, na kilicho baada ni chako wewe mfungashaji. Toleo la majaribio liandikwe kwa alama ya wimbi, 1.0~rc1, ili mfumo ujue kwamba 1.0 yenyewe ndiyo kubwa.

Kuna sharti moja linalowashangaza wageni: kifurushi cha sehemu kuu ya Debian hakiruhusiwi kugusa mtandao wakati wa kujengwa. Kila kinachohitajika lazima kiwemo tayari, kikiwa chenyewe kimefungashwa. Kwa hiyo kama majaribio ya maktaba yako yanapiga simu kwenye seva ya hali ya hewa, au nyaraka zake zinapakua mandhari kutoka kwingine, zima sehemu hizo au ziandikwe upya. Mimi nalipenda sharti hili kwa moyo wote. Programu inayojengeka bila mtandao leo itajengeka kesho hata seva ile ikizimwa na kampuni yake ikafa, na itajengeka Mkinga kama inavyojengeka Munich. Jenga ndani ya mazingira safi ya sbuild, usijenge kwenye laptopu yako iliyojaa vitu. Laptopu yako ina maktaba ulizosahau kwamba ulizisakinisha, nayo itakuambia kila kitu kiko sawa wakati hakiko sawa. Mazingira hayo yatakula bando la mamia ya megabaiti mara ya kwanza. Yaelekeze kwenye apt-cacher-ng uliyoiweka, na mara nyingine zote utapakua kidogo tu.

Utashawishika kubeba nakala ya maktaba nyingine ndani ya maktaba yako ili mambo yaishe haraka. Kataa. Desemba 2021 tundu la Log4j, maktaba ya Java, lilipotangazwa, tatizo kubwa halikuwa kuirekebisha Log4j, ambayo ilirekebishwa upesi. Tatizo lilikuwa kujua imejificha ndani ya programu zipi, maana wauzaji wengi walikuwa wameibeba ndani kwa ndani. Mahali ambapo maktaba ni kifurushi kimoja kinachotumiwa na wote, kiraka kimoja kinawaponya wote kwa apt upgrade moja. Zahanati haina mtaalamu wa kukagua folda. Inachoweza ni kuendesha amri hiyo moja.

Ukimaliza, endesha lintian, nayo itakuonyesha makosa mengi ya kawaida. Weka pia majaribio ya autopkgtest yanayokijaribu kifurushi kilivyosakinishwa. Kwa maktaba ya Python unaweza kuanza na mstari mmoja tu kwenye control.

Sasa kuhusu viraka. Siku moja utakuta msimbo wa mtu una kitu kinachokuudhi, utabadilisha, kitajengeka, utafurahi. Simama hapo. Mwaka 2006 mfungashaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika Debian aliondoa mstari uliokuwa ukilalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu. Bila kukusudia, aliondoa karibu chanzo chote cha ubahatishaji wa funguo. Kwa takriban miaka miwili, kompyuta za Debian na Ubuntu zilitengeneza funguo za siri zilizoweza kukisiwa, kwani kwa kila aina ya ufunguo zilikuwa elfu thelathini na kitu tu. Luciano Bello aligundua, na tangazo likatoka tarehe 13 Mei 2008. Watu duniani kote wakalazimika kutupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Aliyefanya vile hakuwa mzembe, na aliuliza, lakini swali halikufika kwa watu sahihi likiwa na maelezo yote. Kwa hiyo kila kiraka kipeleke kwa mwenye maktaba, kikiwa kizima, na sababu yake, na useme wazi kwamba unakusudia kukiweka Debian. Kiraka kinachogusa usimbaji fiche, nywila au ubahatishaji, subiri jibu kabla ya kukitumia. Vinavyogusa nyaraka na majaribio, endelea.

Mwaka 2024 ulituonyesha hatari ya upande mwingine. Tarehe 29 Machi, Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa nyuma. Aliugundua kwa kuona kuingia kwa ssh kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea uaminifu katika mradi uliokuwa na mwangalizi mmoja aliyechoka, huku majina mengine yakimshinikiza mwangalizi huyo agawe madaraka. Sehemu ya msimbo mbaya haikuwemo katika hazina ya git. Ilikuwa ndani ya faili iliyofungwa ya kutolea toleo. Tawi imara la Debian lilisalimika, kwa kuwa matoleo hayo yalikuwa bado kwenye matawi ya majaribio. Kutokana na hayo nakushauri ulinganishe faili ya kutolea toleo na git kila unapopokea toleo jipya. Nakushauri pia ujiunge na timu, usikumbatie kifurushi peke yako.

Timu ndizo uhai wa kazi hii. Ya Python, ya Perl, ya Ruby, ya Go na nyinginezo zina hazina zao kwenye salsa.debian.org, zina mazoea yaliyoandikwa, na zina watu waliokwisha kukutana na tatizo lako. Kifurushi kikiwa cha timu, ukipata mtihani, ugonjwa au ajira mpya Dodoma, mwingine anaweza kukirekebisha bila kukuomba ruhusa. Ukiingia, jitambulishe kwa ufupi, sema unataka kufanya nini, na uanze na kazi iliyopo. Kurekebisha kasoro katika vifurushi vya watu wengine kutakufundisha zaidi kuliko kifurushi chako kipya, na watu watakujua.

Utahitaji mdhamini, kwa kuwa mtu mpya hawezi kupakia moja kwa moja. Unaweka kifurushi chako kwenye mentors.debian.net, au moja kwa moja kwenye hazina ya timu, unaomba kukaguliwa, na mwanachama kamili anakipitia na kukipakia kwa saini yake. Wakati mwingine kimya kinakuwa kirefu. Kumbusha kwa adabu baada ya wiki mbili tatu; hawakudharau, wana kazi zao. Baada ya muda wa kazi njema unaweza kuomba kuwa mwangalizi wa Debian na kupakia vifurushi vyako mwenyewe. Hapo ufunguo wako wa GPG hutakiwa kuthibitishwa na mwanachama, na kwetu wanachama ni wachache wa kukutana nao ana kwa ana. Mkutano mkuu wa Debian ulifika Afrika mara ya kwanza Julai 2016, Cape Town. Ukisikia mkutano wa programu huria Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar, nenda na alama ya ufunguo wako imechapishwa kwenye karatasi, pamoja na pasipoti au kitambulisho cha taifa.

Kifurushi kikikubaliwa kinaingia tawi la unstable, na kwa kawaida siku tano baadaye, kama hakuna kosa zito, kinahamia testing. Usisherehekee ukaondoka. Weka faili ya debian/watch ili uscan ikuambie toleo jipya likitoka, soma taarifa za kasoro hata zile zilizoandikwa kwa hasira, na jibu hata kama jibu ni kwamba utaangalia Jumamosi. Ukichoka kabisa, tangaza kwamba unakitoa kilelewe na mwingine. Kifurushi kilichotangazwa yatima kinaweza kupata mlezi. Kilichotelekezwa kimyakimya kinaoza mpaka mtu aumie.

Na kama huna maktaba ya kufungasha, kazi ya Kiswahili ipo inakusubiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, wakati kampuni kubwa zilikuwa bado zinafikiria. Leo ndani ya Debian mna hunspell-sw ya kusahihisha tahajia, tesseract-ocr-swa ya kusoma maandishi yaliyopigwa picha, na espeak-ng yenye sauti ya Kiswahili. Visakinishe vyote vitatu. Andika ukurasa mmoja wa habari za bandari, za mkonge au za bomba la mafuta la Chongoleani, uone tahajia inapigia mstari maneno gani yaliyo sahihi. Kila neno hilo ni taarifa ya kasoro unayoweza kuipeleka kwa wenye kamusi leo, na hakuna mtu wa Berlin atakayeiona kabla yako. Maelezo mafupi ya vifurushi nayo yanatafsirika, kupitia mradi wa tafsiri wa Debian, bila kujua lugha yoyote ya programu.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wa vyuo na VETA mkoani Tanga. Kila mwaka mnasimamia miradi ya mwisho ya wanafunzi, na mingi huishia kwenye CD ndani ya kabati la idara. Ruhusuni mwanafunzi mmoja au wawili wachague ufungashaji uwe mradi wao: wachukue kifurushi yatima kutoka orodha ya wnpp, wakirekebishe, wakipeleke kwenye timu, na mahojiano yao na wakaguzi yawe sehemu ya ripoti. Alama zinaweza kutolewa hata kama kifurushi bado kiko foleni. Orodha ya yatima iko wazi kwa kila mtu na haina ada. Ifungueni naye wiki hii.